Maswali ya Wasomaji: Kisomaji cha Sukari Kikigoma Kuingia Chaji

Safari hii barua nyingi zinahusu mashine moja: kisomaji cha FreeStyle Libre cha kampuni ya Abbott, kile kidude cha kiganjani kinachopitishwa juu ya sensa iliyobandikwa nyuma ya mkono na kuonyesha sukari bila kutoboa kidole. Wengi walio nacho huku kwetu wameletewa na ndugu walio nje, mara nyingi bila kitabu cha maelekezo na, baya zaidi, bila waya wake. Katika majibu yetu, "kisomaji" ni kidude hicho, "sensa" ni kile kibandiko cha mviringo, na "mashine ya kidole" ni kipima sukari cha kawaida cha kutoboa. Tumejibu kuhusu Libre ya kwanza na Libre 2.

Shikamooni. Kisomaji cha mama kilizimika juzi. Nimekichomeka kwenye chaja ya simu usiku kucha, asubuhi skrini bado nyeusi tii. Je, ndiyo kimekufa?
*Binti, Tanga*

Marahaba. Usikizike bado. Kisomaji kilichokauka kabisa hujaa chaji kwa muda wa saa 3 hivi. Kikikaa usiku mzima bila hata alama ya betri kutokea, kinachowezekana zaidi ni kwamba umeme haukuingia ndani. Umeme huo una vituo vinne vya kupitia: soketi ya ukutani, kichwa cha chaja, waya, na tundu la kisomaji. Kagua kimoja baada ya kingine. Ukibadilisha waya na kichwa kwa mpigo, hata kikiwaka hutajua mbovu ulikuwa upi, na wiki ijayo utarudi palepale.

Anza na soketi. Chomeka taa au pasi uone. Soketi zetu nyingi zina swichi, na chaja iliyochomekwa bila swichi kuwashwa imewahangaisha watu wazima na akili zao.

Halafu kichwa na waya, vile vilivyokuja na kisomaji, si vya simu (sababu iko katika jibu linalofuata). Vijaribu kwa kitu kingine kabla ya kuvijaribu kwa kisomaji chenyewe. Tafuta simu ndogo ya batani yenye tundu la maikro-USB, lile pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, maana ndilo lililomo kwenye kisomaji. Simu ikiingia chaji, kichwa na waya ni vizima. Isipoingia, badilisha waya tu ujaribu tena, hapohapo kwenye simu. Ikiingia chaji na kukata unapoutikisa waya karibu na shingo ya plagi, nyuzi za ndani zimekatika. Gundi ya nailoni huushika waya usining'inie tu. Nyuzi zilizokatika haiziungi.

Mwisho tundu. Zima kila kitu, mulika kwa tochi. Ndani utaona kiulimi chembamba katikati. Kikiwa kimepinda au kuvunjika, mtu alilazimisha plagi kichwa chini. Ukiona vumbi lililoshindiliwa (pamba ya mfukoni, unga, vumbi la mkoba), lichokonoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mti, kikavu. Usitumie sindano wala pini, maana chuma kinaweza kugusanisha njia mbili za umeme. Kisha tazama plagi yenyewe: upande wake mpana una vimeno viwili vidogo vinavyoing'ang'ania tundu. Vikilika, plagi inaingia vizuri lakini haishiki, na kisomaji kinaacha kuchaji mtu akipita tu karibu na meza.

Vyote vikiwa salama, unganisha kisomaji kwenye kichwa chake halisi, kiache nusu saa bila kukigusa, ndipo ubonyeze kitufe cha chini ya skrini. Kama kilikuwa mahali pa joto kali au baridi kali, kiache kwanza kirudi kati ya nyuzi 10 na 45 za Selsiasi, kwani nje ya hapo hakiwaki hata kikiwa na chaji. Kikiwaka, hakikisha saa na tarehe ni sahihi, halafu ingia kwenye alama ya gia, ukurasa wa Status, ufanye jaribio la kisomaji. Kitajipima skrini, sauti na mguso. Kikishindwa kuwaka baada ya yote haya, kirudishe kilikonunuliwa.

Muda wote huo mama apime kwa mashine ya kidole na kuandika namba kwenye daftari. Asikae bila kupima kwa kusubiri kidude.

Tundu la kisomaji ni sawa na la simu yangu ya zamani. Kwa nini nikatazwe chaja ya simu? USB si USB tu?
*Msomaji, Likoni, Mombasa*

Tundu ni moja, lakini kilichoko nyuma ya tundu si kimoja. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza tahadhari ya daraja la kwanza, ambalo ndilo zito kuliko yote, kuhusu visomaji vya Libre, Libre 14 day na Libre 2. Ilihusu visomaji zaidi ya milioni 4.2 nchini humo. Betri za lithiamu zilikuwa zinavimba, kupata joto kupita kiasi au kutoa cheche zisipotunzwa au kuchajiwa ipasavyo. Taarifa zilizokuwa zimepokelewa zilikuwa 206, miongoni mwake moto usiopungua mara 7 na mtu mmoja kujeruhiwa. Hakuna aliyekufa. Visomaji havikukusanywa. Watu waliambiwa waendelee kuvitumia, ila wachaji kwa waya na kichwa vilivyokuja navyo tu, kwa kuwa vya kuokoteza vinaweza kupitisha nguvu kubwa kuliko mashine ilivyotayarishiwa.

Mantiki yake ni hii. Kichwa cha kisomaji ni kidogo kwa makusudi: kinatoa volti 5 na mkondo mdogo. Kitu kikienda kombo ndani ya betri, kichwa hicho hakina nguvu ya kuendelea kusukuma. Chaja ya kasi ya simu za leo ina nguvu mara nyingi zaidi, na ikitokea hitilafu inaendelea kumimina. Chaja feki ni balaa jingine, maana maandishi yake yanasema volti 5 wakati ndani hakuna kinachozidhibiti, na umeme wa nje ukiruka nazo zinaruka.

Usikichaji chini ya mto, juu ya godoro wala dirishani juani. Weka juu ya meza au sakafu ya saruji, mahali ambapo unaweza kuchomoa kwa haraka. Kupata uvuguvugu ni kawaida. Kikichoma kiganja, chomoa.

Sisi hapa umeme unakuja na kuondoka, na tuna sola ndogo ya taa na simu. Nawezaje kukiweka hai? Na kikizima usiku napoteza nini?
*Mzee mwenye kisukari, Uvinza, Kigoma*

Shikamoo mzee. Tuanze na hesabu ya chaji. Libre ya kwanza ikijaa hudumu kama siku 7 za matumizi ya kawaida. Libre 2 kama siku 4, kwa sababu hiyo huzungumza na sensa kwa Bluetooth muda wote ili ipige kengele. Kwa hiyo huhitaji umeme wa kila siku. Unahitaji saa 3 zisizokatika, mara moja au mbili kwa wiki.

Umeme ukiwepo, chaji hata kama betri bado iko nusu. Lithiamu haidai ishe kabisa ndipo ijazwe. Hayo ni masharti ya betri za zamani. Kinyume chake, kuiacha ikauke mara kwa mara ndiko kunakoizeesha. Kama mtaani kuna duka la kuchajia simu lenye jenereta au sola kubwa yenye inveta, nenda na kichwa chako na waya wako, umwambie kijana wa duka asivibadilishe, na ukae hapo usubiri. Ukikiacha na kwenda sokoni, utakikuta kwenye chaja ya mwenzako.

Sola ndogo yenye tundu la USB pamoja na pawabenki ni njia za dharura. Mtengenezaji hazikubali. Pawabenki ina kero yake pia: nyingi hujizima zenyewe zinapoona kinachochajiwa kinavuta umeme kidogo, na kisomaji ni mvutaji mdogo. Unadhani kimechaji saa 3 kumbe kilichaji dakika 10. Ukilazimika, fanya mchana ukiwa unakitazama, usifanye usiku ukiwa umelala.

Umeme ukianza kucheza, taa zikififia na kung'aa kupita kiasi, chomoa. Ukikatika, chomoa vilevile, usubiri dakika chache baada ya kurudi. Ule mshindo wa kurudi ndio unaoua vichwa vya chaja.

Sasa kuhusu usiku. Sensa ina kumbukumbu yake, ya saa 8. Inaweka kipimo kila dakika 15, yaani vipimo 32, na cha zamani kinafutika kipya kinapoingia. Kisomaji kikizima saa 4 usiku ukakiwasha saa 2 asubuhi, zimepita saa 10. Ukipitisha juu ya sensa utapata mstari kuanzia saa 6 usiku. Yale masaa mawili ya mwanzo yamepotea moja kwa moja na grafu itakuwa na pengo. Hilo si ubovu. Yaliyokwisha kuingia kwenye kisomaji yanakaa siku 90.

Kwa mwenye Libre 2 kuna jambo zito zaidi: kisomaji kikizima, hakuna kengele. Kama unatumia insulini na unategemea kengele ya sukari kushuka usiku, angalia betri kabla ya kulala kama unavyoangalia kufuli la mlango. Kikiwa kinawaka lakini kimeachwa chumba kingine, zaidi ya mita 6 kutoka kwako au nyuma ya kuta nene, mawasiliano pia hukatika.

Tundu la kuchajia lina rangi ya kijani kwa ndani. Nilishauriwa nimwagie spiriti.
*Msomaji, Nungwi, Unguja*

Usimwage kitu. Kijani hicho ni kutu ya shaba: unyevu wa pwani na chumvi, ukijumlisha jasho la mfukoni. Spiriti ikimwagwa inaibeba kutu na kuipeleka ndani zaidi, kwenye bodi. Zima kisomaji, sugua kwa upole kwa mswaki laini mkavu mpya, tundu likitazama chini ili uchafu udondoke. Kama kijani kimekula njia za umeme zenyewe, mswaki hautasaidia. Usiendelee kuchaji, kwa sababu tundu lenye kutu hupata joto.

Kwa nje, kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa kipimo 1 cha Jik na vipimo 9 vya maji kinatosha, ukikwepa tundu la chaji na lile la stripu (kijikaratasi kigumu cha kupimia tone la damu). Na tusichanganye mambo: sensa inavumilia kuoga na hata kuogelea, ila kisomaji hakivumilii maji hata kidogo. Ukienda baharini kiache nyumbani, ndani ya mfuko uliofungwa.

Dada yangu wa Minneapolis kanitumia kisomaji. Kinaonyesha 142 na kliniki wanataka namba kama 7 au 8. Plagi haiingii ukutani. Na sensa niliyonunua hapa kinaikataa. Je, nimeletewa kibovu?
*Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam*

Si kibovu, ni cha Marekani. Mambo yako matatu ni tofauti, na unalo la nne ambalo hukuliona.

Namba: Marekani wanapima kwa miligramu kwa desilita, kliniki zetu kwa milimoli kwa lita. Kipimo hicho kimefungwa kiwandani, hakibadilishwi kwenye mipangilio, hivyo usipoteze jioni ukitafuta. Gawanya kwa 18. 142 inakuwa 7.9. Andika vipimo vichache nyuma ya kisomaji kwa karatasi na gundi: 70 ni 3.9, 126 ni 7.0, 180 ni 10.0, 250 ni 13.9. Ukienda kliniki sema namba pamoja na kipimo chake. Muuguzi akisikia "mia na arobaini na mbili" bila maelezo, hana namna ya kujua unazungumzia nini.

Plagi: soma maandishi madogo kwenye kichwa. Yakisema 100–240V, umeme wetu wa volti 230 hauna shida nacho. Unahitaji adapta ya plagi tu, ya miguu miwili bapa kwenda mitatu. Nunua inayobana, maana inayolegea hutoa cheche. Huhitaji transfoma.

Sensa: kisomaji husoma sensa za toleo lake, na za kanda kilikouzwa. Cha Libre ya kwanza hakisomi sensa ya Libre 2. Kabla ya kununua sensa nyingine, piga picha mgongo wa kisomaji na boksi la sensa iliyokuja nacho, umwonyeshe muuzaji. Sensa iliyokwisha kufunguliwa na kubandikwa hairudishwi, na bei unaijua. Kumbuka pia kuwa sensa iliyoanzishwa na kisomaji kimoja haihamii kwenye kisomaji kingine; kitakuambia inatumika tayari.

La nne ni saa. Kisomaji chako bado kiko Minneapolis, nyuma yetu kwa saa 8 au 9 kutegemea majira yao, na grafu yako inaonyesha unakula ugali usiku wa manane. Rekebisha kwenye gia, sehemu ya saa na tarehe. Hapo kuna mtego wetu wenyewe. Kisomaji kikiandika 7:00 asubuhi, kwetu ni saa 1. Kikiandika 13:00, kwetu ni saa 7 mchana. Tumeona madaftari ambayo ukurasa mmoja umeandikwa saa za Kiswahili na mwingine saa za mashine, na daktari anajaribu kupanga dozi ya insulini kwa hayo. Chagua moja, uiandike juu ya ukurasa.

Assalaam alaykum. Nilikiacha ndani ya gari mchana. Sasa kinawaka na kuzima, na kikiwaka kinasema sensa ina joto sana.
*Msomaji, Muscat, Oman*

Waalaykum salaam. Mambo mawili hapo. Ujumbe wa joto unaihusu sensa iliyo mkononi: ilikuwa juani au karibu na kioo. Ingia ndani palipo na ubaridi, subiri dakika chache, pitisha tena. Hakuna cha kutengeneza.

Kisomaji ndicho cha kuangalia. Kinafanya kazi hadi nyuzi 45 na kinahifadhiwa hadi 60. Dashibodi ya gari lililofungwa Muscat mwezi wa Juni huvuka 60 bila jitihada. Kitoe kipoe chenyewe kivulini, bila friji na bila kukipulizia kiyoyozi moja kwa moja, kwani ubaridi wa ghafla huleta umande ndani. Usikichaji kikiwa cha moto. Baada ya saa moja kichunguze: kioo kimeinuka pembeni? Kikilazwa mezani kinayumba? Ukiona hivyo ruka hadi jibu la Arusha hapo chini. Kama kimekaa bapa na chaji inakaa siku zake za kawaida, kimenusurika.

Usiku kinaniamsha kuwa sukari imeshuka. Nikitoboa kidole naona 6.1. Na siku nyingine kinasema kimeshindwa kusoma. Nikiamini kipi?
*Mama, Nakuru*

Ukitilia shaka, na hasa mwili usipokubaliana na skrini, kiamini kidole. Kengele hizo za usiku mara nyingi si za kisomaji wala za sensa mbovu, ni mkono. Ukiulalia upande wenye sensa, nyama hubanwa, majimaji yanayopimwa hupungua pale, na namba hushuka kwa uongo. Geuka, subiri kama robo saa, pitisha tena. Ikipanda yenyewe bila kula chochote, umepata jibu. Sensa ijayo bandika mkono wa pili.

Tofauti ndogo za mchana ni za kawaida. Sensa haipimi damu. Inapima majimaji ya chini ya ngozi, ambayo huchelewa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 10. Baada ya chai na maandazi damu inapanda kwanza, sensa inafuata. Linganisha ukiwa hujala punde wala hujafanya kazi nzito. Kwa Libre 2, vidonge vya vitamini C vinavyozidi miligramu 500 kwa siku hupandisha namba kwa uongo, na wengi huvimeza kwa mafua bila kuvihesabu kama dawa.

Lakini usizoee kupuuza kengele. Ukitoboa ukakuta chini ya 3.9, au ukawa unatetemeka na kutoka jasho na mashine ya kidole iko mbali, koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15.

Kushindwa kusoma ni suala la umbali. Kisomaji kinatakiwa kiwe ndani ya sentimita 4 za sensa. Unaweza kupitisha juu ya blauzi au buibui, ila sweta nene la asubuhi za Nakuru pamoja na koti vinakula hizo sentimita zote. Kilaze bapa juu ya sensa, tulia hadi usikie mlio, usikipunge kama unayefukuza nzi. Skrini ikiandika "Scan Error", sogea mbali na vyombo vya umeme vyenye nguvu, ujaribu tena. Ikitaka usubiri dakika 10, subiri kweli. Ikitaka sensa ibadilishwe, hakuna mjadala.

Natumia kile kitundu cha stripu kwenye kisomaji. Kinaandika E-3, mara E-5. Nimeshaharibu stripu sita.
*Msomaji, Kihonda, Morogoro*

E-3 maana yake tone la damu lilikuwa dogo, utaratibu ulikosewa, au stripu ina hitilafu. E-5 ni haraka: uliweka damu kabla kisomaji hakijasema kiko tayari. Chomeka stripu kwa upande wenye mistari mitatu myeusi ikitazama juu, hadi igote. Ngoja alama ya tone itokee kwenye skrini. Ndipo uguse tone kwa ncha nyeupe ya stripu, usipake kama unayepaka siagi. Osha mikono kwanza kwa maji ya vuguvugu na uikaushe. Damu inatoka vizuri zaidi, na kama ulikuwa unamenya embe hutapimwa sukari ya embe.

Nyingine za kukaa nazo: E-1 ni joto au baridi kupita kiasi. E-6 stripu si ya kisomaji hiki, maana kinakubali zile za familia ya FreeStyle Optium tu, hata nyingine zikiingia kwenye tundu. E-7 stripu imekwishatumika, imeharibika au kisomaji hakiitambui. E-2, E-8 na E-9 ni hitilafu ya kisomaji chenyewe: kizime, kiwashe, rudia kwa stripu mpya, na zikijirudia kirudishe. E-4 isomwe kwa uangalifu. Huenda stripu ni mbovu, au huenda sukari iko juu kuliko kinavyoweza kupima. Mgonjwa akiwa na kiu isiyokwisha, anatapika au anapumua kwa kasi, peleka hospitali na hiyo E-4 yako. Usimalize boksi la stripu ukitafuta namba.

Kioo cha kisomaji kimeinuka upande mmoja na chaji haikai hata siku. Fundi simu anasema ana betri inayotosha kuingia.
*Msomaji, Arusha*

Betri imevimba. Acha kuchaji kuanzia sasa hivi. Kama kimechomekwa, zima swichi ya ukutani kwanza ndipo uchomoe. Kiweke juu ya saruji au vigae, mbali na pazia, godoro na watoto. Usikibonyeze kioo kirudi, usikitoboe, na kisiishie kwenye shimo la kuchomea taka nyuma ya nyumba. Kikianza kutoa moshi, toeni watu nje, msiuvute moshi huo, na mchanga uwe karibu.

Betri ya fundi ikae huko iliko. Kisomaji hakikutengenezwa kifunguliwe na mtumiaji. Betri inayoingia kwenye nafasi si lazima iwe na ulinzi uleule ndani, na kioo kikishafunguliwa hakizibi tena dhidi ya jasho na vumbi. Simu ikikosea kwa sababu ya betri mbaya, picha inapotea. Hiki kikikosea, mtu anachoma insulini kwa namba ambayo haipo. Isitoshe, mtengenezaji anakihesabia miaka 3 ya matumizi ya kawaida. Kama chako kimevuka hapo, fedha ya fundi ni afadhali uiongeze kwenye kipya.

Unapowasiliana na muuzaji, wape namba ya usajili iliyoandikwa mgongoni, toleo, mwezi ulioanza kukitumia, na ueleze kwa ukweli chaja uliyokuwa unatumia. Piga picha ya pembeni inayoonyesha mwinuko. Halafu ulizia wanapokea vipi betri mbovu, maana duka lililouza lina nafasi nzuri zaidi ya kukielekeza kuliko jalala la mtaa.

Nimehamia kutumia simu kusoma sensa. Kisomaji nikihifadhi vipi?
*Msomaji, Kampala*

Kijaze chaji, kizime, kifungie mahali pakavu penye kivuli pamoja na waya na kichwa chake. Usikiache kimekauka, kwa sababu lithiamu iliyokaa miezi bila chaji inaweza isiamke tena. Weka alama kwenye kalenda kila baada ya miezi 3: kitoe, kikague, kichaji. Ukitaka kukirudia simu ikileta shida, anza na sensa mpya, kwa kuwa ile iliyoanzishwa na simu peke yake hakitaikubali katikati ya safari.